Kipimo cha Hofu na Mtego wa "La"

Mtu aumwapo mgongo kwa miezi mingi, aghalabu huanza kuuhofia mwendo wenyewe. Hainami, hainui debe la maji, shambani haendi, akichelea kujiumiza zaidi. Misuli hulegea, viungo hukakamaa, na maumivu aliyoyakimbia humfuata hadi kitandani. Wataalamu wa Marekani waliiita hofu hiyo kinesiofobia mwaka 1990, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya mwendo na woga.

Mwaka 1991 ilitungwa hojaji ya kuipima, ikapewa jina la mji wa Tampa, Florida. Ina kauli 17. Mgonjwa huonyesha kadiri anavyokubali au kukataa kila moja, akapata alama 1 hadi 4. Jumla huwa baina ya 17 na 68. Watafiti wengi humhesabu anayepita 37 kuwa na hofu kubwa, na huyo hustahili kuzoezwa polepole kutenda yale anayoyaogopa.

Mimi si tabibu. Shaka yangu ni ya lugha. Kauli nne katika hizo hugeuzwa alama zake wakati wa kuhesabu, maana kuzikubali ni dalili ya ujasiri, na mbili kati yake zimejengwa kwa ukanushi. Sasa tuchukue mfano niliojitungia. Mgonjwa anasomewa: "Maumivu haya si ya hatari." Naye, akiafiki kwa moyo wote, anajibu: "La, si ya hatari." Mwingine angejibu: "Naam, si ya hatari," na angekuwa amesema lile lile. Lakini aliyeshika kalamu amesikia "la", akatia alama penye "sikubali kabisa". Badala ya alama 1, mgonjwa kapewa 4. Hayo yakitokea katika kauli zote mbili, mwenye 33 anafika 39, na jasiri anaandikwa mwoga!

Neno "mazoezi" nalo lina vituko vyake. Mama ateka maji na kulima tangu alfajiri atakuambia hafanyi mazoezi. Kwake hayo ni mambo ya wachezaji mpira.

Husemwa kwamba tafsiri ikirudishwa kwa Kiingereza na mtu wa pili, ikalingana na asili, basi ni sahihi. Siafiki. Tafsiri ya neno kwa neno ndiyo hurudi kwa wepesi, hata kama mgonjwa hakuambua kitu.

Walimu wenzangu wa isimu, wapelekeni wanafunzi kwenye foleni za tiba ya viungo, kwa idhini ya wagonjwa, wakasikilize kabla ya kutafsiri. Watamkuta mzee asemaye, "Mgongo umekataa." Mgongo ndio uliokataa, si yeye. Msomee kauli yoyote inayoanza kwa "Naogopa", naye atakana papo hapo, kisha aondoke akiburura mguu, na alama zake chache mkononi.