Kidung'ata wa Muhogo na Nyigu wa Paraguay

Ukitoka Masasi ukapanda hadi Newala, juu ya uwanda wa Makonde, ni nadra kupita kijiji kisicho na muhogo. Hupandwa katikati ya mikorosho, huliwa mbichi, huchemshwa, huanikwa ukawa makopa ya kusaga unga. Korosho huleta fedha, lakini muhogo ndio unaowavusha watu mwaka mbaya. Kwa hiyo mdudu wa muhogo si habari ya wataalamu peke yao.

Leo nataka tumzungumzie kidung'ata, yule mwenye unga mweupe mwilini, akaaye kwa makundi kwenye ncha za mmea. Akifyonza utomvu, majani ya juu hujikunja na kusongamana kama kabichi, pingili huwa fupi, na mwishowe shina hubaki uchi. Hushamiri kiangazi. Wote ni majike, na kila mmoja hutaga mamia ya mayai bila kuhitaji dume.

Mdudu huyu si mwenyeji wa Afrika. Alionekana kwanza mwaka 1973 karibu na Kinshasa na Brazzaville, na mwishoni mwa miaka ya 1980 alikwisha kuingia Tanzania. Upepo humbeba, na sisi wenyewe humsafirisha kwenye vijiti vya mbegu.

Kwa nini alileta balaa kubwa hivyo? Muhogo wenyewe ni mgeni; Wareno waliuleta kutoka Amerika ya Kusini katika karne ya 16, nao ulikuja bila adui huyu. Alipoufuata karne nne baadaye, naye alikuja bila wale wanaomla kwao.

Ikabidi watafutwe. Wataalamu walianzia kaskazini mwa Amerika ya Kusini, wakapata mdudu anayefanana naye mno, ila huyo ana madume. Alikuwa jamaa tu, siye. Mwaka 1981 Anthony Bellotti alimpata mwenyewe huko Paraguay, na huko akapatikana nyigu mdogo kuliko punje ya mchele. Nyigu huyu hataabishi mtu. Hutaga yai ndani ya kidung'ata, na funza wake humla akiwa humo humo. Baada ya kuchunguzwa Uingereza, aliachiwa Ibadan, Nigeria, mwishoni mwa mwaka huo huo, kisha katika nchi zaidi ya 20. Hans Herren, Mswisi aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995.

Lakini liko jambo linalowahusu hasa watu wa Newala. Nyigu huyu akikuta kidung'ata mkubwa hutaga jike. Akikuta mdogo hutaga dume. Penye mchanga uliochoka vidung'ata hudumaa, madume ya nyigu huzidi, na kazi hupungua. Mboji na matandazo shambani, basi, humsaidia nyigu pia.

Na tuangalie dawa. Mkulima anayepulizia mikorosho dawa ya kuua wadudu, huku muhogo uko chini yake, humwua nyigu pamoja na mbaya wake, maana dawa haichagui. Ukiona unga mweupe kwenye ncha, usikimbilie bomba. Kata tawi, lifunge ndani ya mfuko, umpelekee bwana shamba alitazame. Mbegu nazo zikatwe kwenye mashina safi tu.