Munkoyo na mizizi yake

Munkoyo ni kinywaji cha mahindi kinachopendwa Katanga na ng'ambo ya mpaka, Zambia. Lubumbashi hunywewa majumbani na kuuzwa sokoni. Mapishi yake ni mafupi: maji, unga uleule wa bukari (ugali wa huku), na mizizi iliyopondwa. Ufupi huo ndio unaoponza wengi.

Mizizi huchimbwa porini, kwenye misitu ya miombo. Hutoka kwa mimea kadhaa ya jamii ya kunde, hasa ya jenasi Rhynchosia na Eminia, na ikikaushwa hukaa muda mrefu. Asiyeijua mimea hiyo anunue kwa anayeijua.

Wengi hudhani mizizi ni kiungo cha ladha. Sivyo. Wanga wa mahindi hauwi mtamu wala hauchachi vizuri mpaka uvunjwe kuwa sukari. Kwingi Afrika Mashariki wapika pombe huuvunja kwa kimea, yaani nafaka iliyooteshwa. Huku kazi hiyo hufanywa na mizizi, ambayo ina vimeng'enya viitwavyo amilesi.

Ndiyo maana joto linatakiwa kuangaliwa kuliko kitu chochote. Uji uive hasa, kwa kuwa wanga mbichi ni mgumu kuvunjika. Kisha uepuliwe na kuachwa upoe hadi uwe vuguvugu, ndipo mizizi itiwe. Ikitiwa uji ungali ukitokota, vimeng'enya huharibika, na kinachobaki sufuriani ni uji mzito unaonuka mizizi. Ikitiwa kwa wakati wake, saa chache baadaye uji hulegea, ukawa mwepesi na mtamu bila hata punje ya sukari.

Baada ya kuchujwa, kinywaji huachwa kichache. Bakteria huleta ukali, chachu za asili huleta kilevi kidogo. Munkoyo mbichi hupewa hata watoto. Uliolala siku kadhaa ni wa wakubwa. Kibuyu kilichozoea kazi huharakisha mambo, maana vijidudu vya kuchachua vimekwisha kujikalia humo. Ndoo ya plastiki huosheka upesi zaidi, ila hukosa msaada huo.

Miombo inayozunguka Lubumbashi imekatwa sana kwa ajili ya makaa, hivyo mizizi hutafutwa mbali. Wauzaji wengine huipunguza na kuongeza sukari ya dukani. Utamu hupatikana, lakini sukari haiwezi kulegeza uji; anayeuziwa kikombe hicho amenunua uji baridi.