Shali za Kashmir na Jina la Paisley

Msomaji akizitazama kanga za nyumbani hakosi kuiona ile alama iliyopinda kichwa, ambayo kwetu huitwa korosho. Waingereza huiita Paisley, kwa jina la mji mmoja wa Uskoti. Lakini alama hiyo haikuzaliwa Uskoti. Ilitoka Uajemi na Bara Hindi, ikafika Ulaya juu ya shali.

Shali zenyewe zilifumwa Kashmir, kwa manyoya mepesi ya mbuzi wa milimani. Kazi ilikuwa ya taratibu mno. Kila rangi ilikuwa na kijiti chake chenye uzi, na fundi alikipitisha kwa mkono mahali pale tu palipotakiwa rangi hiyo. Shali moja nzuri iliweza kuwachukua mafundi mwaka mzima, pengine zaidi.

Mwaka 1798 Napoleon aliingia Misri na jeshi lake, na maofisa wake wakapeleka shali hizo kwao Ufaransa. Mkewe, Josephine, alizipenda sana, akawa nazo nyingi. Na alichovaa yeye, kila bibi wa Paris alikitaka. Kwa kuwa bei ilikuwa kubwa, wenye viwanda wa Ulaya wakaiga. Paisley ilianza karibu na mwaka 1805, na baadaye ikapata mtambo wa Mfaransa Jacquard, ulioongozwa na kadi zenye matundu: matundu hayo ndiyo yaliyoamua uzi upi uinuliwe na upi ubaki chini. Ulikuwa werevu mkubwa, wala sikatai. Shali zikatoka upesi, tena kwa bei nafuu.

Je, Kashmir ilipata faida? Wafanya biashara walipata. Shali zilithaminiwa hata Mkataba wa Amritsar wa mwaka 1846 ukamtaka mtawala, Gulab Singh, awapelekee Waingereza kila mwaka farasi 1, mbuzi 12 na shali jozi 3. Lakini mfumaji mwenyewe alitozwa kodi nzito, wala hakuwa na ruhusa ya kuiacha kazi. Tarehe 29 Aprili, 1865, wafumaji waliandamana mjini Srinagar. Askari wakawashambulia, na baadhi yao wakafa. Tena siku zile mawakala wa Kifaransa walikuwa wakiwaletea michoro iliyochorwa Paris ili waifuate. Ajabu ya mwenye ngoma kufundishwa kuicheza!

Mwaka 1870 Ufaransa iliingia vitani na Prussia, na soko kubwa la shali likafungwa. Wakati uo huo mtindo wa mavazi ukageuka. Magauni sasa yalituna nyuma, na shali pana ingeyafunika. Mabibi wakazitia sandukuni, wengine wakazitandika juu ya piano. Huko Paisley wafumaji wa shali wakakosa kazi. Kashmir hali ilikuwa mbaya zaidi: njaa kuu ya 1877 hadi 1879 iliwakuta wafumaji hawana kazi wala shamba, wakafa wengi sana.