Damu ya Mtoto

Huku Kasongo na Kabambare, mtoto akishikwa na homa, viganja vikapauka, neno la kwanza la mama ni malaria. Mara nyingi hakosei, maana mbu wa Maniema hawana huruma. Mtoto hupewa dawa, pengine huongezewa damu, akapata nafuu. Lakini ikiwa homa yarudi, fizi zatoka damu, mwili waota madoa pasipo kipigo, na mifupa yamwuma hata akataa kutembea, yafaa kufikiri zaidi. Jirani naye huanza kunong'ona habari za uchawi, tumezisikia mno.

Huenda ikawa ni kansa ya damu. Damu hutengenezwa katika uboho, ndani ya mifupa. Chembe changa zisizokomaa zikizaana humo bila kiasi, huzisonga chembe njema. Ugonjwa huu hauambukizi.

Wako wasemao kwamba ni ugonjwa wa Wazungu. Ni kweli, huko Marekani watoto weupe huupata kuliko weusi. Lakini weusi walioupata walizidi kufa, na wengine wakasema ndivyo damu yao ilivyo. Madaktari wa hospitali ya watoto ya St. Jude, mjini Memphis, walilichunguza jambo hilo. Mwaka 2003 walitangaza kwamba watoto weusi na weupe, wakipata matibabu mema yaliyo sawa, hupona sawasawa.

Hapa karibu nasi, mjini Kampala, Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, aliandika mwaka 1958 habari za uvimbe wa taya unaowapata watoto. Nao ni kansa iliyo jamaa ya ile ya damu, huonekana sana penye malaria nyingi. Miaka ya 1960 baadhi ya watoto hao walipona kabisa kwa dozi chache za dawa. Walikuwa watoto wa Kiafrika, damu kama ya watoto wetu.

Hata hivyo, katika nchi tajiri watoto zaidi ya 80 katika kila 100 wenye kansa hupona; katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Wengi hufa wakihesabiwa kuwa wa malaria, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuutazama uboho wao kwa darubini.

Basi homa isiyokoma ipelekwe hospitali mapema, na mzazi aombe chembe za damu zihesabiwe. Tena matibabu huchukua miaka miwili au mitatu. Mama wa Kabambare akienda mji wa mbali na mgonjwa wake, nani atawalisha wale wanne aliowaacha nyumbani?