Je, Wajua? Kadhi, Wakili na Kiti cha Waziri, Kutoka Kilwa hadi Nachingwea

Je, wajua kwamba msafiri maarufu aliyeshuka Kilwa Kisiwani mwaka 1331 alikuwa mwanasheria? Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier, alitoka katika ukoo wa makadhi, na jicho la kazi hakuliacha nyumbani: alibainisha kwamba watu wa Kilwa ni wafuasi wa Imamu Shafii, ilhali yeye mwenyewe alikuwa Maliki. Mwenyeji wake, Sultani Hassan bin Sulaiman, ndiye aliyejenga Husuni Kubwa. Ibn Battuta anasimulia kwamba fakiri mmoja kutoka Yemeni alimwomba sultani huyo zile nguo alizovaa mwilini. Sultani akaingia ndani, akavaa nyingine, akampa zile.

Ibn Battuta hakupata cheo Kilwa. Miaka michache baadaye, hata hivyo, alikuwa kadhi huko Delhi, kisha kadhi mkuu wa Maldivi. Huko Maldivi alioa katika nyumba za wakubwa, akajichanganya na siasa zao mpaka ikambidi afunge mizigo. Kumbe wanasheria kunogewa na siasa hakukuanza jana.

Je, wajua kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza na kitivo kimoja tu, nacho cha sheria? Kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, Uhuru wenyewe ukiwa bado haujafika. Julie Manning, aliyesoma hapo miaka ya mwanzo, alikuja kuwa Waziri wa Sheria.

Na je, wajua kwamba Katiba ya Tanzania haimlazimishi waziri huyo kujua sheria? Inamtaka awe mbunge, na mbunge anatakiwa awe ametimiza miaka 21, awe mwanachama wa chama cha siasa, na ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Anayebanwa hasa ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali: lazima awe na sifa za uwakili kwa miaka 15 mfululizo. Fidia yake si haba, maana anaingia bungeni kwa cheo chake, bila kuomba kura hata moja.

Mathias Chikawe aliziomba. Mwanasheria huyu alikuwa mbunge wa Nachingwea, mkoani Lindi, kuanzia 2005 hadi 2015. Mahakamani mawakili huitana "msomi mwenzangu". Bungeni Dodoma kila mtu ni "Mheshimiwa", msomi asiwe msomi. Chikawe alishika Wizara ya Katiba na Sheria mara mbili, 2008 hadi 2010 na tena kuanzia 2012, katikati akiwa Ofisi ya Rais upande wa Utawala Bora. Januari 2014 akahamishiwa Mambo ya Ndani, kwenye polisi na magereza. Mwezi uliofuata Bunge Maalum la Katiba likaanza, na huko wanasheria walijaa: rasimu iliwasilishwa na Jaji Joseph Warioba, kiti kikakaliwa na Samuel Sitta, na kamati ya uandishi ikaongozwa na Andrew Chenge. Chikawe baadaye akapelekwa Japani kuwa balozi.

Lakini Mkoa wa Lindi ulipotoa Waziri Mkuu, 2015 hadi 2025, hakutoka kwa mawakili. Alitoka Ruangwa, wilaya jirani na Nachingwea: Kassim Majaliwa, mwalimu.