Alama za Oveni ya Umeme: Moto Umekaa Wapi?

Mwezi huu twataka kunena habari za chombo ambacho kimeingia katika nyumba za watu wa kawaida hapa Kihonda, nacho ni oveni ya umeme. Zamani oveni ilikuwa kitu cha hoteli na cha nyumba za wakubwa. Siku hizi, katika mitaa hii iliyokua upesi kando ya barabara iendayo Dodoma, si ajabu kuona oveni ndogo imewekwa juu ya meza karibu na jiko la mkaa. Wengine huoka mkate wa watoto, na wengine huoka keki na skonzi za kuuza.

Walakini kupata chombo ni jambo moja, na kukielewa ni jambo lingine. Oveni nyingi hazikuandikwa maneno, ila zimechorwa alama: mraba, mstari, meno ya msumeno, mapanga ya feni. Sababu yake si kuficha siri. Mwenye kiwanda huuza vyombo vyake katika nchi nyingi zenye lugha mbalimbali, na alama moja yaweza kusomwa na Mjerumani, na Mchina, na Mluguru vilevile. Iko Tume ya Kimataifa ya Umeme, iliyoanzishwa mwaka 1906, ambayo makao yake yako Geneva katika Uswisi. Kazi yake mojawapo ni kupatanisha alama za vyombo vya umeme ili zisigongane.

Mtu asiyezijua alama hizo hubahatisha. Leo keki imeungua juu na ndani ni mbichi. Kesho mkate umekauka kama kuni. Na kila mara uniti za LUKU zimekwisha. Mwisho huifunika oveni kwa kitambaa kizuri, ikawa pambo la sebuleni, naye akarudi kwenye mkaa. Fedha iliyonunua chombo imepotea, na mama aliyetumaini kupata riziki kwa keki zake amekata tamaa. Basi na tuzisome alama hizo pamoja, maana ni nyepesi kuliko zionekanavyo.

UJUZI TULIO NAO TANGU ZAMANI

Wapishi wetu wa zamani walijua kuoka kabla umeme haujafika. Mtazame apikaye mkate wa kumimina. Huweka sufuria juu ya moto mdogo. Akiona mkate umeanza kushika, huufunika na kupalia makaa juu ya mfuniko. Apikaye keki kwa mkaa hufanya vivyo hivyo: hutia makaa machache chini na mengi juu, naye hutazama asije akaunguza. Mpishi huyo hakuwa na swichi wala namba, lakini alijiuliza neno moja kila wakati: moto umekaa wapi, nao ni kiasi gani?

Oveni ya umeme ni sufuria ile ile iliyofanywa sanduku. Mahali pa makaa ya chini pana koili, yaani nondo ya chuma ishikayo moto umeme unapopita ndani yake. Mahali pa makaa ya juu pana koili nyingine. Oveni nyingine zina feni nyuma ya kuizungusha hewa ya moto. Basi karibu alama zote za kupikia zajibu swali lile lile la mpishi wa zamani: moto umekaa wapi?

MAANA YA ALAMA

Aghalabu alama huchorwa ndani ya mraba. Mraba huo ndio sanduku la oveni likitazamwa kwa mbele. Ukishalijua hilo, yaliyobaki ni rahisi.

Mstari ulionyoka chini ya mraba: moto wa chini peke yake. Wafaa kumalizia chakula ambacho sehemu yake ya chini haijaiva.

Mstari ulionyoka juu ya mraba: moto wa juu peke yake. Wafaa kukausha uso wa chakula kilichokwisha kuiva na kuutia rangi.

Mistari miwili, mmoja juu na mmoja chini: moto wa pande zote mbili. Hii ndiyo alama ya kuokea keki, mkate na skonzi. Mtu anayeanza kujifunza na ashike hii kwanza.

Mstari wenye meno ya msumeno juu ya mraba: hii ni grili, yaani moto mkali wa kuchoma kutoka juu. Wafaa kuku aliyekatwa vipande, samaki, na mishikaki. Haufai keki hata kidogo. Wengi huichagua alama hii wakidhani kuwa moto mkali huivisha upesi. Kumbe huunguza uso, na ndani unga ungali mbichi.

Mapanga ya feni ndani ya duara: moto uliozunguka feni, nayo feni yausambaza pande zote. Hufaa unapooka masinia mawili kwa mara moja.

Feni pamoja na mistari miwili: moto wa juu na chini, na feni yauzungusha. Feni pamoja na mstari wa chini: mara nyingi ni ya piza na vyakula vitakavyo kitako kikavu. Feni pamoja na meno ya msumeno: ni kuchoma nyama nene, isiungue nje kabla ya kuiva ndani.

Feni peke yake, au feni na tone la maji, au alama ya theluji: ni kuyeyusha chakula kilichoganda barafu. Hapa hapana moto wa kuivisha chakula. Ukiweka keki kwa alama hii utangoja hata usiku.

Taa ya glopu: ni mwanga wa kutazamia ndani, wala haipiki kitu. Kufuli: ni kufunga swichi ili mtoto asizichezee. Saa: ni kupanga muda. Sifuri au duara tupu: kwa kawaida ni kuzima.

Viwanda havikulingana katika kila jambo. Kwa hiyo kijitabu kilichokuja na chombo kisitupwe wala kisifungiwe karanga. Kikiwa kwa lugha ya kigeni, mwalimu wa jirani aombwe kukisoma; kuuliza si ujinga.

SWICHI TATU ZA OVENI NDOGO

Oveni nyingi za mezani zina swichi tatu za kuzungusha. Moja ina namba kama 100 hata 250: hiyo ni ya kiasi cha joto. Ya pili ina alama tulizozieleza. Ya tatu ina namba za dakika, nayo muda ukiisha hulia kengele na kuzima. Mtu akisahau hii ya tatu, zile mbili hazifanyi kazi, naye hudhani oveni imekufa.

Tena iko taa ndogo iwakayo na kuzimika. Watu wengine huogopa, wakasema chombo kibovu. Sivyo. Ndani mna kifaa kipimacho joto: joto likifika kiasi ulichochagua, hukata umeme, likipungua, huurudisha. Katika oveni nyingi taa hiyo huonyesha kazi yake. Basi iwashe oveni ikiwa tupu, ungoje taa izimike mara ya kwanza, ndipo utie chakula. Keki ikitiwa katika oveni baridi haiumuki vizuri.

KIASI CHA JOTO

Namba za joto aghalabu ni za sentigredi. Keki hutaka 160 hata 180. Skonzi hutaka karibu 180 hata 200. Mkate wa ngano hutaka 200 hata 220. Piza hutaka 220 hata 250. Unapotumia feni, punguza nyuzi 20, kwa kuwa hewa iendayo mbio huivisha zaidi. Ukiona maelezo ya mapishi yasemayo 350, usishangae: hizo ni nyuzi za farenhaiti, nazo ni karibu 175 za kwetu.

Sinia na likae katikati ya sanduku, isipokuwa kwa grili, ambapo hupandishwa juu. Tena usifungue mlango kila mara kuchungulia. Moto hutoka, keki hubonyea katikati, na umeme hutumika upya kulijaza sanduku joto.

CHAKULA CHENYEWE HUSEMA

Ukikosea, chakula chenyewe kitakuambia mahali pa kosa. Keki ikiwa nyeusi juu na mbichi ndani, moto wa juu ulizidi, au sinia lilikaa juu mno: lishushe, upunguze nyuzi 20, uongeze dakika. Ikiwa imeungua chini na juu ni nyeupe, sinia lilikaribia koili ya chini: lipandishe. Ikipasuka juu kama ardhi ya kiangazi, joto lilikuwa jingi tangu mwanzo. Ikiiva upande mmoja tu, ligeuze sinia mara moja, muda ukiwa umepita zaidi ya nusu. Andika haya katika daftari kila uokapo, na baada ya mikate mitano utaijua oveni yako kama ulijuavyo jiko lako.

HESABU YA UNITI

Uniti moja ya umeme ni kilowati 1 kwa saa 1. Tazama kibandiko nyuma ya oveni, utaona wati zake. Oveni ya wati 2000 ikiwaka saa nzima bila kukatika hutumia uniti 2. Lakini kwa kuwa kile kipimajoto hukata na kurudisha, mara nyingi hutumia pungufu ya hizo. Njia ya hakika ni kusoma mita ya LUKU kabla ya kuoka na baada ya kuoka, vyombo vingine vikiwa vimezimwa. Mama auzaye keki asipoijua hesabu hii, hawezi kujua kama apata faida au atia hasara. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kuna njia za kupunguza matumizi. Oka vitu viwili vikifuatana, maana joto la kwanza limekwisha kulipiwa. Zima dakika tano kabla ya muda kuisha, sanduku limalizie kwa joto lililobaki. Wala usipikie maharage ndani ya oveni. Kazi hiyo ni ya sufuria ya kufunga mvuke, ambayo hutumia umeme mchache.

HATARI ZA KUANGALIWA

Umeme wa nyumba zetu ni volti 230. Oveni ya wati 2000 huvuta karibu ampea 9. Soketi ya matundu matatu imekadiriwa ampea 13. Basi oveni na birika la umeme vikichomekwa katika waya mmoja wa kuongezea, huvuta kupita kiasi; waya hupata moto, mpira wake huyeyuka, na nyumba yaweza kuungua. Oveni na ichomekwe peke yake katika soketi ya ukutani. Yale majiko makubwa yenye oveni chini na plati nne juu hutaka waya wake mnene na swichi yake, navyo huwekwa na fundi wa umeme mwenye leseni.

Pembetatu yenye alama ya radi husema: hatari ya umeme, usifungue. Pembetatu yenye mistari mitatu ya kupindapinda kama mvuke husema: pana moto, usiguse. Mistari mitatu midogo inayopungua urefu, iliyo chini ya mstari wa wima, ni mahali pa waya wa ardhi. Waya huo usikatwe kamwe, maana ndio umwokoao mtu umeme ukivuja kwenye bati. Watoto wafundishwe alama hizi hata kabla ya kuruhusiwa kupika. Tena usitandike karatasi ya fedha kwenye sakafu ya oveni, kwa kuwa huzuia joto na kuharibu koili.

KWA NINI TUJISUMBUE?

Mwezi wa Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye shabaha ya kufikisha asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Nasi tukaao hapa chini ya milima ya Uluguru twajua sababu yake pasipo kuambiwa. Msitu wa milima hiyo huulisha mto Ruvu, unaonyweshea maji Dar es Salaam. Na kila gunia la mkaa ni miti iliyoanguka mahali fulani. Hatusemi kwamba kila nyumba yaweza kuacha mkaa leo, wala kwamba oveni ni ya kila mtu, maana bei yake si ndogo. Twasema hivi: nyumba iliyokwisha kununua oveni isishindwe kuitumia kwa ajili ya michoro michache tu.

Kwa hiyo, walimu, chora alama hizi ubaoni, watoto wazinakili na kuwasomea mama zao nyumbani. Nanyi wenye nyumba, twaeni karatasi, mwandike maana ya kila alama kwa Kiswahili, mkaibandike ukutani karibu na oveni, lakini mbali na moto wake. Kisha anzeni na mistari miwili, joto 180, na keki moja ndogo.