Usingizi Uliobaki Lindoni

Alifika kwenye huduma ya mkoba tuliyokuwa tukiitoa Kasulu, akiwa na daftari la kliniki lililojaa neno moja: malaria. Katika miezi minane alikuwa amepewa dawa mseto mara tano, ilhali kipimo cha haraka kiliwahi kuonyesha vimelea mara moja tu. Malalamiko yake hayakubadilika: moyo kwenda mbio, kichwa kuuma, jasho la usiku na kukosa usingizi. Ili kulinda siri yake, nimebadilisha baadhi ya maelezo.

Nilimwuliza anafanya kazi gani. "Nalima maharage na mihogo, daktari." Na kabla ya hapo? Alitazama chini kwa muda. "Nilikuwa jeshini. Mwaka mmoja nilikuwa Kongo."

Mwaka 2013, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 2098, liliunda brigedi maalumu ndani ya MONUSCO, nayo ikapata askari kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Jioni ya tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya Watanzania ya Semuliki, katika eneo la Beni, ilishambuliwa, na walinda amani wetu zaidi ya kumi wakapoteza maisha. Zamu ya mgonjwa wangu ilikuja baada ya hapo, katika kambi nyingine.

Aliniambia kwamba vita aliisikia mara chache. Siku nyingi zilikuwa za kungoja: kuamka kabla ya mapambazuko, kusafisha silaha, doria kwenye barabara ya matope, kufua sare, kumeza kidonge cha kinga ya malaria, kisha lindo nyuma ya mifuko ya mchanga. Jioni alipiga simu nyumbani. Mkewe alimweleza habari za ada na mtoto mwenye homa, yeye akajibu, "Huku salama, mama Neema." Usiku jenereta ilinguruma mfululizo. Ilipozimika ghafla, kila mtu aliamka na kushika bunduki, maana ukimya ulikuwa dalili ya hatari.

Kijijini kwake hakuna jenereta. Usiku wa milimani ni kimya, na ukimya huohuo ndio unaomwamsha. Huzunguka nyumba akiwa na panga, kisha hukaa mlangoni hadi jogoo awike. Alianza kunywa pombe ili alale. Watoto walianza kumwogopa.

Huu ni ugonjwa wa msongo wa mawazo baada ya kiwewe. Mwili hubaki lindoni ingawa zamu imekwisha. Dalili zake kuu ni kumbukumbu au ndoto za kutisha zinazojirudia, kukwepa vinavyomkumbusha mtu yaliyopita, na kuwa macho kupita kiasi. Zikidumu zaidi ya mwezi mmoja na kuvuruga maisha, mgonjwa anahitaji tiba. Si woga, si kurogwa.

Wahudumu wenzangu wa Kasulu na Kibondo, tusimnyime kipimo cha malaria mtu mwenye homa. Lakini kipimo kikiwa hasi, tuweke dawa pembeni na tuulize: umewahi kuishi wapi? Unalalaje? Kuna jambo linalokurudia bila kulitaka? Maswali haya yawafae pia wakimbizi. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, imepokea Wakongo tangu 1996. Huenda askari na mkimbizi waliokesha kwa hofu ya vita hiyohiyo wakakaa benchi moja wakisubiri daktari.

Tusimlazimishe mgonjwa kusimulia kila kitu siku ya kwanza. Tusimzoeshe dayazepamu ili alale. Ushauri wa kisaikolojia unaolenga kiwewe husaidia, na baadhi ya dawa za sonona pia. Anayezungumzia kujiua asiachwe peke yake. Apewe rufaa siku hiyohiyo.

Nawe uliyerudi kutoka ulinzi wa amani, mwambie mwenzi wako ukweli wa usiku wako, punguza pombe, na mtajie mhudumu ulikotumikia.

Mgonjwa wangu alirudi baada ya wiki sita, safari hii na mkewe. Bado huamka usiku. Ila sasa mkewe naye huamka, huwasha taa, wakakaa pamoja mpaka mapigo ya moyo yatulie. Panga limerudi shambani.